Kidonda cha Punda, Mguu wa Kijana

Mifereji ikikauka huku Kisauni, Mombasa, mkokoteni wangu wa punda ndio kimbilio la majirani. Nilipoanza biashara ya maji nilihesabu mitungi tu. Mtungi wa lita 20 ni kilo 20, kwa hiyo mitungi 25 ni kilo 500, bado mkokoteni wenyewe, bado kijana anayekaa mbele kuongoza. Hesabu hiyo sikuwahi kuipiga mpaka jirani yangu, mzee wa Kiislamu, aliponisimamisha asubuhi moja. "Mwanangu, hebu njoo utazame kifua cha mnyama wako."

Chini ya kamba ya plastiki palikuwa na kidonda kipana kama kiganja changu, kimechimbika, nzi wamejazana. Punda amesimama kimya. Punda haonyeshi maumivu upesi, ndiyo maana wengi tunadhani haumii. Na mimi ndiye mwalimu wa shule ya Jumapili, niliyewakaririsha watoto Mithali 12:10, kwamba mwenye haki huufikiri uhai wa mnyama wake!

Nikamwita daktari wa mifugo. Akakiosha kidonda kwa maji ya chumvi, akapaka dawa, akasema punda asifungwe mkokoteni mpaka kipone kabisa. Alipokuwa akinawa mikono akauliza, "Na huyu kijana, mguu una nini?"

Kijana wangu wa kazi alikuwa amefunga wayo kwa kitambaa cha leso kuukuu. Msumari ulimchoma siku tatu nyuma, naye aliendelea kupeleka maji. Dawa ya punda nilishalipa. Habari za mguu wake sikuwa nimeuliza.

Siku hiyo haijanitoka, kwa sababu kanisani nasikia maneno mawili yanayoniuma. Wazee husema mnyama hana roho, mtumie utakavyo. Baadhi ya vijana wetu nao siku hizi wanasema mtu ni mnyama tu kama wengine. Naomba tusome vizuri. Mwanzo 1:26 inatupa mfano wa Mungu na utawala juu ya wanyama katika mstari uleule, basi tunatakiwa kutawala kama Yeye anavyotawala. Simba hataulizwa kwa nini alimla swala mchanga. Mimi nitaulizwa habari ya kamba ile. Hapo ndipo ninapouona upekee wa binadamu, na ukinyang'anya upekee huo, sijui utamdai nani huruma kwa niaba ya punda.

Yesu alisema hakuna shomoro anayesahauliwa mbele za Mungu, kisha palepale akasema sisi ni bora kuliko mashomoro wengi. Yote mawili. Kutoka 23:12 nayo inaamuru mapumziko kwa ng'ombe, kwa punda, na kwa mwana wa mjakazi. Nilipousoma tena mstari huo usiku ule, nililia.

Ninapopita Kengeleni, penye kengele ya kijiji cha Frere Town, namkumbuka William Wilberforce, mbunge wa Uingereza wa zamani. Kijiji kile kilianzishwa na wamisionari wa CMS, chama cha umisionari cha Kianglikana kutoka Uingereza, miaka ya 1870 kwa ajili ya watumwa walioachwa huru. Wilberforce alikuwa miongoni mwa walioiasisi CMS, alipigania kukomeshwa kwa biashara ya watumwa, na mwaka 1824, pamoja na kasisi Arthur Broome, akawa kati ya waanzilishi wa chama cha kuzuia ukatili kwa wanyama huko London. Kumpenda mtumwa hakukumzuia kumhurumia farasi.

Kwa hiyo, mwenzangu mwenye punda: tupa kamba ya plastiki. Tumia mkanda mpana wa kitambaa laini, na kila jioni upitishe mkono chini yake utafute joto au uvimbe. Mpe maji kabla ya kuuza maji. Jua la saa sita mfungue akae kivulini. Akichechemea asitoke, hata wateja wakipiga simu mara kumi. Sheria ya Kenya, Sura ya 360, inakataza kumpiga mnyama kikatili, kumbebesha kupita kiasi, au kumfanyisha kazi akiwa mgonjwa, lakini usingoje polisi.

Ukishamkagua punda, mwite na kijana. Mwambie avue viatu uone miguu yake. Mimi sasa natoka na mitungi 12, na Jumapili wote wawili hawafanyi kazi.