Wasomaji Wauliza: Nani Kasema, na Alijuaje?

Swali, kutoka Kayole
Kwako Mhariri, salamu. Naandikia jarida la mtaa na kila mara aya yangu ya kwanza hufutwa. Hii ndiyo ya majuzi: "Wakazi wa Kayole wameachwa na huzuni kubwa baada ya tukio la kusikitisha lililotokea siku ya Jumanne ambapo bomba la maji lilipasuka na kuleta uharibifu mkubwa." Chini nilieleza kwamba maji yaliingia nyumba 14 saa kumi na moja alfajiri, na mafundi wakafika saa nne asubuhi. Nakosea wapi?

Jibu
Hesabu maneno. Aya yako ina maneno 25, na bomba linatokea kwenye neno la 18. Msomaji hajajua kilichotokea, tayari anaambiwa ahuzunike. Habari yenyewe umeizika chini: nyumba 14, alfajiri, na saa tano za kungoja mafundi. Ipandishe juu:

"Nyumba 14 mtaani Kayole zilijaa maji Jumanne alfajiri baada ya bomba kuu kupasuka, na mafundi hawakufika hadi saa nne asubuhi."

Ni maneno 20, hakuna la kuomboleza hata moja, na bado msomaji ataumia kwa ajili ya wenye nyumba.

Usijikaze kubana nani, nini, lini, wapi, kwa nini na vipi katika sentensi moja. Chagua mawili matatu yenye uzito, mengine yafuate aya ya pili na ya tatu, mepesi kabisa yakae mwisho. Mpangilio huo una sababu ya kikazi: nafasi ikipungua ukurasani dakika za mwisho, mhariri hukata kuanzia chini. Ukiwa umeacha jambo zito huko, limeondoka.

Kabla ya kupeleka habari, simama kwenye ile 14. Nani alihesabu? Kama ulihesabu mwenyewe mlango kwa mlango, andika. Kama uliambiwa na mwenye ploti, mtaje yeye: "kwa mujibu wa mwenye nyumba". Kama ulisikia tu watu wakisema, basi idadi bado huna, rudi ukahesabu. Kila sentensi iulize hivyo: nani kasema, na alijuaje? Mtu aliyeona, mtu aliyesimuliwa na mtu anayekisia wote husema kwa sauti ileile ya uhakika, na kazi yako ni kuwatenganisha.

Saa nazo zina mtego kwetu tunaoandika Kiswahili. Ripoti ya polisi kwa kawaida huwa kwa Kiingereza, na saa zake huanzia usiku wa manane. Ukiona 0500, hiyo ni saa kumi na moja alfajiri, wala si saa tano. Ukitafsiri kwa haraka, umesogeza tukio kwa saa sita, na pengine umemweka mtu mahali ambapo hakuwepo. Daima andika na wakati wa siku: alfajiri, asubuhi, jioni, usiku.

Swali, kutoka Kawangware
Polisi walitangaza kumkamata kijana kuhusu wizi wa pikipiki. Nikaandika kichwa: "Mwizi wa bodaboda anaswa". Mwenzangu asema naweza kushtakiwa. Ni kweli?

Jibu
Ni kweli, na mshukuru. Kifungu cha 50 cha Katiba ya Kenya kinamhesabu kila mshtakiwa kuwa hana hatia hadi ithibitishwe vinginevyo. Kwa hiyo aliyekamatwa ni mshukiwa, aliyesomewa mashtaka mahakamani ni mshtakiwa, na hakimu akishamtia hatiani ndipo unapoweza kumwita mwizi. Kichwa chako kiliruka ngazi zote tatu. Andika: "Polisi wamkamata kijana kuhusu wizi wa pikipiki."

Mwaka 2017 Mahakama Kuu ilifuta kosa la jinai la kuharibia mtu jina, na wengi wakadhani hatari imekwisha. Kesi ya madai ipo palepale: aliyechafuliwa ana miezi 12 ya kuifungua, na fidia huweza kufunga jarida dogo. Usijifiche nyuma ya "inadaiwa" pia. Neno hilo halisemi anayedai ni nani, kwa hiyo halikukingi wewe wala halimsaidii msomaji. Kama kijana hajatimiza miaka 18, jina na picha yake viache kabisa. Na tunaomba sana: ukiandika kukamatwa kwake, fuatilia kesi. Akiachiliwa, habari hiyo ipewe nafasi kama ile ya kwanza.

Swali, kutoka Dandora
Nataka kujua barabara ya mtaani kwetu iligharimu pesa ngapi. Kila ofisi inanituma kwa nyingine. Nifanyeje?

Jibu
Acha kuuliza kwa mdomo. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na sheria ya upatikanaji wa habari ya mwaka 2016 imeweka utaratibu. Andika barua, Kiswahili kinakubalika. Hulazimiki kueleza sababu, na ombi lenyewe halina ada, ila unaweza kulipishwa gharama za kunakili.

Maombi mengi hukwama kwa sababu ni mapana mno. "Naomba maelezo kuhusu barabara" humpa karani nafasi ya kukujibu aya mbili za sifa. Omba hati: nakala ya mkataba, na orodha ya malipo yote aliyolipwa mwanakandarasi, yenye tarehe. Taja barabara inakoanzia na inakoishia. Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa ubaki nayo. Ofisi ina siku 21 za kujibu, na inaweza kuongeza 14 mara moja tu. Kama habari inahusu uhai au uhuru wa mtu, ni saa 48. Ukinyimwa, peleka malalamiko kwenye Tume ya Haki za Utawala, inayojulikana kama Ombudsman, ndani ya siku 30 tangu ujulishwe uamuzi.

Wakati unangoja, nenda na futi ukapime upana wa lami na kina cha mtaro. Mkataba ukifika utakuwa na kitu cha kulinganisha nao.

Swali, kutoka Umoja
Afisa alizungumza nami dakika 20, kisha akasema, "Lakini usinitaje." Nifuate neno lake?

Jibu
Makubaliano hufanywa kabla ya mazungumzo. Kama alijua wewe ni mwanahabari na kazini, hakuna mkataba uliovunja. Hata hivyo pima: je, akitajwa atafutwa kazi au atadhuriwa? Kama ndiyo, mlinde, na tafuta hati au mtu wa pili wa kuthibitisha aliyoyasema. Kama anakwepa tu kuulizwa, mpigie simu leo, msomee nukuu yake, na umwambie itachapishwa kwa jina lake.