Mashine ya randa ya bei nafuu: pima meza kabla ya kuuliza mota

Ubao wa kwanza kuupitisha kwenye thiknesa yangu, yaani mashine ya randa inayopunguza unene wa ubao, ulikuwa mninga, inchi 1 kwa 8, urefu futi nne. Ulikuwa umepinda kidogo. Niliupitisha mara sita. Ukatoka laini, rangi yake nyekundu imejitokeza vizuri, unene sawa mwanzo hadi mwisho, na bado umepinda vilevile. Fundi seremala wa mtaa wa pili, aliyekuja kuiona mashine, aliunyanyua, akafumba jicho moja, akauangalia kwa urefu wake. Akaniambia, "Mwalimu, hii haijui kunyoosha. Inajua kupunguza tu."

Laiti ningeyasikia maneno hayo kabla sijatuma hela Dar es Salaam. Ndiyo maana nayaandika hapa, kwa ajili yako uliye na chumba kimoja cha uani, iwe Isevya, Ipuli au popote Tabora, unayetaka kutengeneza kabati na meza zako kwa mapenzi ya kazi, na uliyeweka akiba ya mashine moja tu.

Ndani ya thiknesa kuna rola zinazoukandamiza ubao kwenye meza wakati visu vinakata upande wa juu. Ubao uliopinda ukikandamizwa unanyooka kwa muda, unakatwa, halafu ukitoka nje unarudi ulivyokuwa. Mashine inafanya upande wa juu ulingane na wa chini. Kama wa chini una kasoro, wa juu utaiiga. Kwa hiyo kuna kazi mbili: kwanza kupata uso mmoja ulionyooka, na hiyo hufanyika juu ya meza, ubao ukisukumwa kwa mkono kupita kwenye visu, pili kupata unene, na hiyo ndiyo kazi ya thiknesa. Mashine ya pamoja inafanya zote mbili kwa mota moja na visu vilevile, juu unanyoosha, chini unatoa unene.

Ile ya kwanza niliiuza, nikanunua ya pamoja. Sisemi kila mtu afanye hivyo. Kama mkono wako umezoea randa ya mkono, nyoosha uso mmoja kwa jasho, kisha thiknesa peke yake itakutosha, tena kwa hela ileile utapata upana mkubwa zaidi. Makita 2012NB, kwa mfano, inachukua ubao wa milimita 304, upana ambao mashine ya pamoja ya bei ya chini haikupi. Kuna pia njia ya kubebesha: laza ubao uliopinda juu ya ubao mwingine ulionyooka, jaza nafasi zilizo wazi kwa vikabari vyembamba vilivyogandishwa gundi ili usitikisike, upitishe vyote pamoja. Unachelewa, lakini ubao unatoka umenyooka kweli.

Ukiamua kununua ya pamoja, usianze na nguvu ya mota. Wauzaji wanapenda kukutajia wati. Wewe nenda na rula ya chuma ya mita moja. Mwambie muuzaji ainue meza ya mbele mpaka iwe sawa na ya nyuma, laza rula juu ya zote mbili, washa tochi ya simu upande wa pili. Mwanga ukipenya katikati au kwenye ncha, meza hazilingani, na mbao zako zote zitatoka na mgongo au shimo. Jaribu pembe nne na katikati. Kisha bonyeza ncha ya meza kwa kiganja. Mashine nyingi za bei ya chini zina meza nyembamba za aluminiamu, na nyingine hulegea chini ya uzito wa ubao. Halafu shika kile kizuizi cha pembeni, kisukume kwa nguvu kiasi, uweke skwea. Kama kinalala, kingo za mbao hazitakuwa na pembe ya digrii 90, na ukiziunga kwa gundi kupata uso wa meza utaona mwanya kila kiungo.

Urefu wa meza nao ni wa kuuchunguza sana. Mimi hujiwekea kipimo hiki: ubao usizidi mara mbili ya urefu wa meza zote mbili kwa pamoja. Meza ya sentimita 75 inakupa ubao wa mita moja na nusu, ukijitahidi. Miguu ya meza na milango ya kabati itapita. Mbavu za kitanda hazitapita, labda uweke vishikio vya rola mbele na nyuma.

Upana uamuliwe na mbao unazonunua. Mashine ndogo za pamoja zina milimita 204. Inchi 8 ni milimita 203. Maana yake ubao wa 1 kwa 8 unaingia kwa shida, na wa 1 kwa 10 hauingii kabisa. Mimi hununua mninga wa 1 kwa 6 na 1 kwa 8, na paina, kwa hiyo 204 inanitosha. Kama unapenda mbao pana, ongeza akiba miezi michache utafute ya milimita 254 au 260. Usijifariji kwamba utapasua ubao mpana kisha uuunge tena. Utafanya mara mbili, ya tatu utachoka.

Suala la umeme lisichukuliwe kirahisi. Mashine za mtumba kutoka Japani ni za volti 100, na za Marekani ni volti 120. Umeme wetu ni volti 230. Ukiichomeka moja kwa moja utaiua siku hiyohiyo. Yale makubwa ya chuma yanayotamanisha mara nyingi ni ya fezi tatu, na nyumbani kwako kuna fezi moja. Soma kibati cha mota mwenyewe. Na waya wa kurefushia uwe mnene, milimita mraba 2.5, tena mfupi. Nilitumia mwembamba wa mita 20 kwa wiki mbili. Mota ilikuwa inalemewa, inapata joto, na nilidhani visu ndivyo vibutu.

Kuhusu visu, uliza kabla ya kulipa: vya akiba vinapatikana? Vyangu vilikawia wiki tatu kuja kutoka Dar, na kazi ilisimama. Siku hizi kila nikipanga bajeti ya mashine, shilingi moja kati ya kumi naitenga kwa seti ya pili ya visu, kaboni za mota (vile vipande vinavyopeleka umeme ndani ya mota na kulika polepole), na vizibo vya masikio. Mashine za mota ya kaboni zina kelele kali sana, na majirani wana watoto wanaolala mchana. Mninga nao vumbi lake huwasha pua na koo. Barakoa ni lazima, hata kama mlango uko wazi.

Ubao ukishafika, pitisha brashi ya waya kwanza. Mbao zetu huburutwa chini tangu porini, na mchanga wa Tabora unakula makali ya visu kuliko mti wenyewe. Mbao kuukuu zipitishie sumaku kutafuta misumari. Kwenye mninga, ambao nyuzi zake hupishana, kata nusu milimita kila mara, hata kama kitabu cha mashine kinaruhusu mbili, la sivyo nyuzi zinang'oka na kuacha vishimo. Punguza pande zote mbili kwa kiasi kinacholingana. Na vipande vifupi chini ya sentimita 30 visiguse mashine kabisa. Hivyo ni vya randa ya mkono, maana vinaweza kurushwa au kuvuta vidole.

Kitu kimoja tunacho hapa kwa wingi ni nta ya nyuki. Peke yake hunata kidogo, kwa hiyo mimi huiyeyusha pamoja na kipande cha mshumaa, naipaka kwenye meza ya chini, naisugua kwa kitambaa mpaka ikauke. Mashine iliyokuwa inakwama katikati ya ubao inaanza kuuvuta yenyewe. Narudia kila Jumamosi kabla ya kuchomeka.