Kabla hujailaumu mashine, pima blanki

Juzi usiku kijana mmoja anayefanya utafiti wa uzamili aliniandikia: "Dada, nimekoleza maji ya Mto Msimbazi mara 50, risasi (ile metali) bado inasoma sifuri. Mashine mbovu?" Nilicheka, halafu nikanyamaza. Na mimi niliwahi kuwa hivyohivyo, tena kwa kiburi zaidi.

Mimi nilipima maji ya bahari, Kunduchi. Maji ya bahari yana chumvi kama gramu 35 kwa lita, na metali tunazozitafuta ni chembe tu. Huwezi kuyachemsha yapungue kama tui, maana chumvi nayo inakolea na kuziba kichomeo cha AAS, mashine yetu ya kupimia metali. Kwa hiyo unayapitisha kwenye mrija wa resini, punjepunje za kunasia metali; mimi nilitumia aina ya Chelex-100. Resini inashika metali, sodiamu inajipitia. Kisha unazing'oa metali kwa asidi ya nitriki. Zinaingia mililita 500, zinatoka 10.

Zinki yangu ilisoma juu mno. Nilifurahi! Nikaanza kuandika sura ya matokeo, viwanda nikavisema vya kutosha. Siku ya kuwasilisha, msimamizi aliuliza neno moja: "Blanki?" Yaani maji safi unayoyapitisha hatua zilezile za sampuli, uone uchafu unaotoka kwako mwenyewe. Nilikuwa nimepima moja tu, wiki ya kwanza, kabla sijafungua boksi jipya la glovu. Nikarudia. Maji safi ya maabara, kwa mrija uleule na mikono ileile, yakatoa zinki karibu sawa na bahari. Zilikuwa glovu za unga; zinki ilitoka kwenye unga wake.

"Umepima glovu zako," akasema, mbele ya wenzangu wote. Mpaka leo nikiona glovu za unga masikio yananiwaka.

Najifariji na Clair Patterson, yule Mmarekani aliyetangaza umri wa dunia mwaka 1956. Risasi ya vumbini ilimharibia vipimo mpaka akajenga maabara safi ya peke yake. Mimi nilinunua glovu zisizo na unga.

Basi jamani, blanki! Blanki kila siku ya kazi, si ile moja ya kumridhisha msimamizi. Chupa za plastiki zilale kwenye asidi. Na kwenye sampuli moja ongeza risasi ya kiasi unachokijua. Ikirudi nusu, usitafute mchawi, tafuta pH, kile kipimo cha asidi: ikiwa chini, asidi ni kali.

Hapo ndipo alipoangukia kijana wangu. Alitia asidi palepale mtoni hadi pH chini ya 2, na alifanya vema, maana bila hivyo metali zinaganda kwenye kuta za chupa. Ila alisahau kuipandisha kabla ya kupitisha kwenye mrija. Kwenye asidi kali resini haishiki kitu. Nilimwambia aipandishe kwa amonia na bafa ya asetati, inayoizuia pH isiyumbe, ifike 5.5 hivi, na maji yadondoke polepole.

Jana kaandika: "Dada, risasi imeonekana!" Nikamuuliza blanki imesoma ngapi. Kasoma ujumbe, hajajibu.