Bodi ya kubandikia vigae: anza na maji, kisha mtikisiko

Watu wanaoniomba ushauri wa vigae huanza na rangi na ukubwa. Mimi huuliza nyuma ya kigae patakuwa na nini. Nimebomoa mabafu mengi ya watu, na mara nyingi kigae chenyewe kilikuwa kizima kabisa. Kilichokufa ni kile kilichokibeba: jipsamu iliyolowa hadi ikawa uji, plaiwudi iliyovimba, skrubu zilizobaki kutu tupu.

Kabla hujatumia pesa, angalia kama unahitaji bodi kweli. Ukuta wa tofali au zege wenye plasta ya saruji iliyo ngumu na iliyonyooka hauhitaji. Vigae hubandikwa juu ya plasta hiyo, na sehemu ya kuogea ukaipaka dawa ya kuzuia maji kwanza. Sakafu ya zege ni vivyo hivyo. Bodi ni ya kuta za fremu, ziwe za mbao au za chuma, na ya sakafu za mbao.

Sasa jambo ambalo natamani kila mwenye nyumba alijue: bodi ya saruji haizuii maji. Haiozi, haivimbi, haibomoki ikilowa, na hiyo ni sifa kubwa. Lakini maji hupenya ndani yake na kutokea upande wa pili, yakaingia kwenye mbao za fremu. Grauti, yaani ule mchanganyiko unaojaza nafasi kati ya vigae, nayo haizuii maji. Kwa hiyo penye bomba la mvua lazima kuwe na kizuizi: ama karatasi ya nailoni nzito nyuma ya bodi, ama dawa ya kupaka juu yake kabla ya vigae. Chagua kimoja. Ukiweka vyote viwili, unyevu utakaoingia katikati hautakuwa na pa kutokea.

Bodi hii ya saruji ina wavu wa nyuzi za kioo pande zote mbili. Ni nzito, ni imara, na ukutani mimi hutumia ya milimita 12 juu ya fremu zilizoachana sentimita 40. Ndugu yake, iliyochanganywa na nyuzi za mbao, ina uso laini zaidi lakini hunywa maji kwa kasi. Ifute kwa sponji lenye maji kabla ya kupaka gundi, la sivyo itafyonza maji ya gundi kabla haijashika.

Kwa kuta za bafu, siku hizi napendelea bodi ya povu gumu la polistirini lenye tabaka jembamba la saruji. Mtu mmoja anaibeba bila shida, inakatwa kwa kisu cha kawaida, inahifadhi joto, na kiini chake hakipitishi maji. Udhaifu wake uko kwenye maungio na matundu ya skrubu: kila kimoja lazima kizibwe kwa utepe na dawa inayotakiwa na mtengenezaji, na kila skrubu iwe na washa pana ili kichwa kisizame kwenye povu. Sakafuni inahitaji kulazwa juu ya gundi iliyojaa bila mapengo, na sipendi kuiweka mahali patakapokaa kitu kizito chenye miguu myembamba.

Jipsamu ya kawaida ibaki kwenye kuta kavu. Ile ya kijani inavumilia unyevu wa hewani tu. Ndani ya sehemu ya kuogea usiiweke, hata muuzaji akuapie. Uzito nao unahesabika. Uingereza mafundi hufuata kikomo cha kilo 32 kwa mita ya mraba kwenye jipsamu tupu, na kilo 20 ikiwa imepakwa plasta ya jipsamu, gundi na grauti zikiwa zimehesabiwa humo. Vigae vikubwa vya mawe hufika huko upesi.

Kuna pia bodi za magnesiamu oksaidi. Nchini Denmark ziliwahi kutumiwa kwa wingi kwenye kuta za nje za majengo, zikavuta unyevu wa hewa na kutiririsha maji ya chumvi yaliyokula skrubu na kuharibu mbao. Si zote ziko hivyo, ila mimi sizitumii penye maji.

Sakafuni adui wa kwanza ni mtikisiko. Bodi haiongezi nguvu ya sakafu. Kama ukitembea mbao zinanesa, bodi itanesa nazo na grauti itapasuka. Kipimo kinachotumika sana ni kwamba boriti isipinde zaidi ya sehemu 1 kwa 360 ya urefu wake; kwa mawe ya asili, 1 kwa 720. Imarisha boriti kwanza, au ongeza plaiwudi. Baada ya hapo bodi nyembamba ya milimita 6 inatosha. Ilaze juu ya gundi mbichi iliyotandazwa kwa mwiko wenye meno, kisha ikaze kwa skrubu kila baada ya sentimita 20. Gundi hiyo ndiyo watu huiruka, nami huigombania kila mara, kwa sababu kazi yake ni kujaza mapengo yaliyo chini ya bodi. Skrubu peke yake haziwezi.

Skrubu ziwe za bodi ya saruji, zisizoshika kutu; za jipsamu hukatika vichwa. Acha nafasi ya milimita 3 kati ya bodi na bodi, ijaze gundi, ufunike kwa utepe wa wavu usioliwa na saruji. Pembe nne zisikutane mahali pamoja. Ukutani, bodi iishie milimita 6 hivi juu ya sinia la bafu ili isifyonze maji kutoka chini, na penye kona tia silikoni badala ya grauti.

Usikate bodi ya saruji kwa grainda ndani ya nyumba. Vumbi lake lina silika, na silika huharibu mapafu bila dawa ya kuyarudisha. Ichane kwa kisu kigumu, ivunje kwa kuikunja. Ikibidi grainda, toka nje na uvae barakoa ya vumbi inayokaa vizuri usoni.

Sakafu ya kuogea ikishapakwa dawa na kukauka, ziba tundu la kutolea maji, jaza maji, weka alama ya kina na usubiri saa 24. Maji yakishuka, tafuta yanapopitia na uzibe, kisha ujaze tena. Fundi atakayelalamika kwamba unamchelewesha, mwache alalamike.