Kuumia pamoja na mwanafunzi si sawa na kumhurumia

Mwalimu mwenzangu, umeuliza kama mafunzo ya huruma, yaani mazoezi ya kujizoeza kuwatakia wengine mema, yatakusaidia au yatakumalizia nguvu chache ulizobaki nazo, maana tayari unarudi nyumbani na shida za wanafunzi kichwani. Pole sana.

Kuna tofauti ambayo wengi huipita. Kuumia pamoja na mtoto si sawa na kumtakia nafuu. Watafiti Olga Klimecki na Tania Singer walilinganisha mambo hayo mawili: watu waliofunzwa kuhisi maumivu ya wengine walilemewa zaidi, lakini walipofunzwa huruma, hisia njema zilirejea. Kwa hiyo mafunzo mazuri hayakuongezei mzigo.

Anza kidogo. Kabla ya kuingia darasani vuta pumzi tatu, jitakie mema wewe kwanza, kisha mtakie mema yule mwanafunzi anayekusumbua kuliko wote. (Hapo pa pili ni pagumu, usijilazimishe siku za mwanzo.) Mafunzo ya huruma yaliyoanzishwa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, huchukua wiki 8, basi jipe muda.

Ila kama darasa limefurika na huna hata nafasi ya kula, zungumza na mkuu wa shule. Hilo ni suala la uongozi, wala si upungufu wa huruma yako.