Kabla hujaamini asilimia ya ukuaji wa uwekezaji

Nilipokuwa mgeni katika kazi ya uchambuzi, niliandika kwamba uwekezaji wa nchi fulani umepaa: ulikuwa umekua kwa asilimia 25 ndani ya mwaka mmoja. Taarifa ikasambazwa. Wiki chache baadaye nikaangalia mwaka uliotangulia, nikakuta uwekezaji uleule ulianguka kwa asilimia 30. Piga hesabu: kwenye 100 toa 30, zinabaki 70, ongeza robo yake, unapata 87.5. Nchi haikuwa hata imerudi ilipokuwa, nami nimeshaitangazia neema. Iliniuma, maana watu hupanga mambo yao kwa kutegemea maandishi kama yale.

Tangu hapo siigusi asilimia ya ukuaji kabla sijaweka mezani viwango vyenyewe vya miaka 20 au zaidi, kwa bei za mwaka wa kizio, yaani bei za mwaka mmoja uliochaguliwa kuwa msingi wa kulinganisha. Ukitumia bei za kila mwaka husika, mfumuko wa bei utakuchorea mlima usiokuwepo.

Kisha linganisha uwekezaji na Pato la Taifa. Hapa ndipo wengi hujikwaa, na China ni mfano mzuri. Serikali yake ilitangaza mpango wa yuan trilioni 4 Novemba 2008, na mwaka 2009 uwekezaji katika rasilimali za kudumu, kama majengo, mitambo na barabara, ukakua kwa takriban asilimia 30. Kufikia 2016 ukuaji ulikuwa karibu asilimia 8. Anayesoma mstari huo peke yake atadhani mambo yamekauka, ilhali uwekezaji ulikuwa bado zaidi ya asilimia 40 ya Pato la Taifa, kiwango ambacho nchi chache sana zimewahi kukifikia. Msingi ukishakuwa mkubwa hivyo, kukua kwa kasi ya zamani ni vigumu mno. Angalia pia kwamba takwimu ile ya ukuaji, ambayo China huitoa kila mwezi, hujumuisha ununuzi wa ardhi, wakati ukuzaji rasilimali, yaani uwekezaji unaolinganishwa na Pato la Taifa kwenye hesabu za taifa, hauihesabu ardhi. Usiziunganishe kana kwamba ni kitu kimoja.

Uliza pia kilichomo ndani. Kwa mwongozo wa kimataifa wa hesabu za taifa wa 2008, utafiti na uendelezaji nao ni rasilimali ya kudumu. Ndiyo maana Ireland uwekezaji huruka na kuporomoka pale kampuni za kimataifa zinapohamishia hataza (haki za kumiliki uvumbuzi) zao huko, bila jengo wala mtambo mpya kuonekana. Idara ya takwimu ya nchi hiyo hutoa kipimo cha pembeni kinachoondoa miamala hiyo. Ukichambua Ireland, anza na hicho.

La mwisho ni uchakavu. Nchi inaweza kuwekeza kiasi kilekile kila mwaka huku sehemu kubwa ikiishia kufidia mashine na barabara zinazochakaa. Ukipata takwimu za uwekezaji unaobaki baada ya kutoa uchakavu, ziweke kwenye chati hiyohiyo, chini ya zile za jumla, uone pengo linavyokwenda.