Tangi na pampu ya methanoli ndani ya buti

Ndugu yangu, umeuliza kama pampu ya methanoli (alkoholi inayonyunyizwa pamoja na maji kwenye hewa inayoingia ndani ya injini, ili kuipoza) inaweza kufungwa juu ya tangi, kwa kuwa chini ya buti gurudumu la akiba limeshika nafasi yote. Isifungwe juu. Pampu za aina hii husukuma kwa nguvu lakini huvuta kwa shida, kwa hiyo iweke usawa wa kitako cha tangi au chini yake, hata kama itakubidi kulisogeza gurudumu (kuliacha nyumbani, kwa mawe ya volkano tuliyo nayo hapa Goma, sikushauri).

Linalonitia hofu zaidi ni mvuke. Methanoli hushika moto upesi, mwali wake hauonekani vizuri mchana, na hewa ya buti huingia kwa abiria. Toa mpira mwembamba wa kupumulia kutoka kwenye tangi hadi nje, chini ya gari. Changanya nusu kwa nusu na maji, wala usiifyonze kwa mdomo, kwani ni sumu inayopofusha.

Bomba la nailoni lipite mbali na ekzosi, likiwa limevishwa mpira mzito. Karibu na nozeli (ncha inayonyunyizia injini) funga valvu ya umeme. Bila hiyo, mvuto wa injini unaweza kunyonya kimiminika hata pampu ikiwa imezimwa, na injini itatetemeka gari likiwa limesimama. Waya wa pampu upitie fyuzi na rilei (swichi inayowashwa kwa umeme).

Jaribu kwanza kwa maji matupu, ukizungushia kila kiungo karatasi kavu: ikilowa, kaza upya kabla ya kutia methanoli.